Kiluwiluwi, chumvi na ubongo wa mtoto aliye tumboni

Mvua za masika zikianza kutulia, madimbwi ya kando ya mashamba hujaa viluwiluwi. Hatuzungumzii wale wa mbu, bali wa chura: weusi, kichwa kikubwa, mkia mrefu, ambao watoto huwachota kwa mikono na kuwatia kwenye kopo. Ukiwaangalia kwa wiki kadhaa utaona jambo ambalo sisi tuliokulia kijijini tumelizoea hata hatulishangai tena. Kiluwiluwi anaota miguu ya nyuma, kisha ya mbele. Mkia unafupika siku hadi siku, bila kukatika, mpaka unaisha. Matamvua ya kupumulia majini yanapotea, mapafu yanashika kazi. Utumbo mrefu wa mla majani unakuwa utumbo mfupi wa mla wadudu. Aliyekuwa kama samaki anatoka majini akiruka.

Nani anatoa amri ya mageuzi hayo? Ni kemikali inayotoka kwenye tezi ya shingo, tezi ileile uliyo nayo wewe msikilizaji, na inatengenezwa kwa madini joto, yaleyale yanayotiwa kwenye chumvi ya dukani. Namna kiluwiluwi anavyoipokea amri hiyo inafanana sana na namna ubongo wa mtoto aliye tumboni unavyoipokea. Tumeona tuieleze hapa kwa kirefu kuliko tunavyoweza hewani, kwa sababu anayeielewa ataelewa pia kwa nini madini joto yanamhusu msichana ambaye hata mimba bado hajabeba, na kwa nini kusubiri mpaka tumbo lionekane ni kuchelewa.

Tezi ya farasi kwa viluwiluwi

Mwaka 1912 mtafiti mmoja, Friedrich Gudernatsch, alichapisha matokeo ya jaribio rahisi kabisa. Aliwalisha viluwiluwi vipande vya viungo mbalimbali vya wanyama, kila kundi na chakula chake. Waliokula tezi ya shingo ya farasi waligeuka vyura kwa haraka ya ajabu. Hawakupata hata muda wa kukua, kwa hiyo wakawa vyura wadogo mno. Miaka minne baadaye, huko Marekani, Bennet Allen alifanya kinyume chake: aliwaondolea viluwiluwi tezi hiyo wakiwa wachanga kabisa. Wakala, wakanenepa, wakawa viluwiluwi wakubwa kupita kiasi. Vyura hawakuwa kamwe.

Tezi hiyo wataalamu huiita thairoidi, na vitabu vingine vya Kiswahili huiita tezi dundumio. Imekaa mbele ya koo, na ndiyo inayovimba mtu akipata rovu, ambalo wengine huliita goita. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Homoni inayotoka kwenye tezi kwa wingi ina chembe nne za iodini, ndiyo madini joto, na huitwa T4. Ikifika kwenye viungo, chembe moja huondolewa, ikabaki T3, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Bila madini joto homoni haitengenezeki. Mwili hauna kitu kingine cha kuweka mahali pake.

Lakini hapo linabaki fumbo. Ujumbe ni mmoja, damu ni moja, na siku ni ileile. Inakuwaje mguu uote na mkia ufe?

Sisi wa redio swali hili halitusumbui sana. Tukitangaza asubuhi kwamba mvua kubwa inakuja, tangazo ni moja. Mkulima wa mpunga anashika jembe akifurahi. Aliyeanika dagaa anakimbia kuzianua. Mwenye bodaboda anatafuta koti lake. Kila mmoja anafanya kulingana na kazi yake, na ambaye hana redio hafanyi lolote kwa kuwa hakusikia. Seli za mguu na seli za mkia zinasikia tangazo moja, ila kila moja ina kazi yake. Na chombo wanachosikilizia kinaitwa kipokezi.

Mlinzi aliyejulikana kupitia ugonjwa wa kuku

Kipokezi chenyewe kilichukua miaka mingi kujulikana, na kilipatikana kwa njia ya pembeni. Kuna virusi vinavyowaletea kuku saratani ya damu. Ndani yake vimebeba jeni ambayo viliichukua zamani kutoka kwa kuku wenyewe. Mwaka 1986 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Björn Vennström barani Ulaya na jingine likiongozwa na Ronald Evans huko California, yalionesha kwamba jeni hiyo, ile halali iliyo ndani ya kuku mzima, ni maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha homoni ya tezi ya shingo. Nakala iliyobebwa na virusi imeharibika: haiwezi tena kushika homoni, inaziba tu. Tafadhali likumbuke neno hilo, kuziba.

Tangu hapo vipokezi hivi vimepatikana kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo, kuanzia samaki hadi binadamu. Viko vya aina mbili kuu, alfa na beta. Havikai nje ya seli kama mlango wa uani. Vimekaa ndani kabisa, kwenye kiini cha seli, vimeshikilia DNA, ule uzi mrefu ulioandikwa maelekezo yote ya mwili, jirani na jeni fulanifulani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na sisi wenyewe tulikosea tulipoanza kuisoma habari hii. Tulidhani homoni isipokuwepo kipokezi kinakaa kimya, kama redio isiyo na betri. Sivyo, na mfano wetu wa redio unaishia hapo. Tuchukue mfano mwingine, mlinzi wa ghala la chama cha ushirika. Usiku na mchana yuko mlangoni. Ukija bila barua ya katibu, mlinzi huyo hakai tu akikutazama: anafunga komeo na kuita wenzake wauegemee mlango. Ukija na barua, mlinzi huyohuyo anafungua, anawaondoa wenzake, na anaita vijana wakusaidie kupakia magunia.

Kipokezi kinafanya hivyohivyo. Kisipokuwa na homoni, kinaita protini zinazoibana DNA ikakaza, na jeni iliyo jirani haisomeki. Homoni ikifika inaingia kwenye tundu lililotengenezwa kwa ajili yake, kipokezi kinabadilika umbo, wazuiaji wanaondoka, wanakuja wafunguaji, na jeni inaanza kusomwa. Kwa hiyo mlinzi ana kazi mbili, ya kuzuia na ya kufungua, na barua ndiyo inayoamua afanye ipi.

Kwa nini mwili uhangaike na mlinzi wa namna hii? Rudi kwenye dimbwi. Kiluwiluwi anakuwa na vipokezi vya alfa mapema, muda mfupi baada ya kuanguliwa, wakati tezi yake bado haitoi homoni ya kutosha. Mlinzi yupo, barua hakuna. Maana yake miguu inazuiwa isiote kabla ya wakati, ili mnyama apate muda wa kula na kukua. Watafiti walipotengeneza viluwiluwi wasio na kipokezi cha alfa, miguu ya nyuma ilianza kuota mapema kuliko kawaida. Walipoondoa alfa na beta zote mbili, viluwiluwi walifika karibu na mwisho wa mageuzi, kisha wakafa bila kuyakamilisha. Bila mlinzi kazi inaanza ovyo na haimaliziki.

Si chura peke yake. Wavuvi wa pwani wanamjua gayogayo, samaki bapa anayelala mchangani akiwa na macho yote mawili upande mmoja. Samaki bapa wa namna hiyo huanguliwa akiwa na jicho kila upande kama samaki wengine. Kisha jicho moja linahama, linavuka kichwa, linakaa pamoja na mwenzake. Amri ya kuhama inatoka kwenye homoni hiihii.

Na kuku, tukimrudia, ana jambo moja linalotupeleka moja kwa moja kwa binadamu. Ndani ya kiini cha yai, pamoja na chakula, mama kuku ameweka homoni ya tezi yake. Kifaranga hana tezi bado, ila vipokezi vyake vinaanza kuonekana mapema. Barua za kwanza anazosomewa mlinzi wake zimeandikwa na mama.

Wiki ambazo mtoto anategemea tezi ya mama

Mtoto wa binadamu naye huanza hivyo. Tezi yake mwenyewe huanza kutengeneza homoni takriban wiki ya 12 ya ujauzito, na haitoi ya kutosha mpaka karibu na katikati ya mimba, wiki ya 18 hadi 20. Lakini vipokezi vimeshaonekana ndani ya ubongo wake kufikia wiki ya 10. Hesabu mwenyewe: kuna wiki kadhaa ambazo walinzi wako kazini na mtoto hana barua hata moja ya kwake. Zote zinatoka kwa mama. T4 ya mama inapita kwenye kondo la nyuma, inaingia kwenye ubongo wa mtoto, na hukohuko inageuzwa kuwa T3.

Katika miezi hiyo ubongo unajengwa kwa zamu. Seli zinazaliwa sehemu moja na kuhamia sehemu nyingine, kila moja ikitafuta tabaka lake. Zikifika zinatoa matawi, matawi yanaungana, na baadaye nyuzi zinavikwa ala ya mafuta ili habari zipite haraka. Ndani ya sikio, kile kifuko kilichojikunja kama konokono kinajengwa kiweze kusikia. Kila kazi ina majuma yake. Fundi aliyekwisha kupandisha kuta hawezi kurudi chini kupanga upya mawe ya msingi, na barua inayofika baada ya zamu kupita inafungua mlango wa ghala ambalo halina tena mtu wa kupakia.

Je, tunajuaje kwamba madhara yanatokana na mlinzi anayezuia, si upungufu wa homoni tu? Majaribio ya panya yalitoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Panya waliozaliwa bila tezi hii hudumaa na kufa wakiwa bado wachanga. Mwaka 1999 watafiti wa Sweden walieleza kuhusu panya waliotengenezwa bila vipokezi, alfa wala beta. Mtu angetegemea hali yao iwe ileile au mbaya zaidi. Kumbe waliishi. Walikuwa wadogo na wenye kasoro, lakini waliishi.

Mwaka 2002 likaja la kustaajabisha zaidi. Watafiti wa Ufaransa waliwachukua panya wasio na tezi, wale ambao hufa, na kuwaondolea pia jeni ya kipokezi cha alfa. Panya hao wakaokoka. Mwaka huohuo watafiti wa Hispania walionesha kwamba sehemu ya nyuma ya ubongo inayosimamia mizani ya mwili, ambayo huharibika homoni ikikosekana, haikuharibika kwa panya wasio na kipokezi hicho. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya uharibifu ilitokana na mlinzi kung'ang'ania mlango. Mlinzi akiondolewa, mlango unakaa wazi nusunusu, na mnyama anapata njia.

Panya si mtu, tunalijua hilo. Lakini binadamu nao wametoa ushahidi wao. Mwaka 2012 madaktari wa Uingereza walieleza habari za msichana wa miaka 6 aliyekuwa mfupi, mifupa yake imechelewa kukomaa, choo kinafunga sana, na mwendo wake wa kujifunza ni wa polepole. Dalili zote zilikuwa za mtu asiye na homoni ya tezi, ila vipimo vya damu havikuonesha upungufu mkubwa. Kasoro ilikuwa kwenye kipokezi chake cha alfa. Barua zilikuwa zinafika, ila mlinzi hakuweza kuzisoma na aliendelea kubana mlango. Nyuma kabisa, mwaka 1967, Samuel Refetoff na wenzake huko Marekani walikuwa wameeleza kuhusu watoto wa familia moja waliokuwa viziwi na wenye rovu, ingawa homoni ilikuwa nyingi katika damu yao. Baadaye ikaonekana kwamba watoto hao hawakuwa na jeni ya kipokezi cha beta. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kwamba sikio la mtoto linamhitaji beta, na mifupa inamhitaji zaidi alfa.

Kasoro za jeni kama hizi ni nadra sana. Kinachoharibu ubongo wa watoto wengi zaidi ni jambo la kawaida na la bei rahisi: mlinzi mzima, mwenye afya, anayesubiri barua ambayo mama hakuwa na wino wa kuiandika.

Bonde la Jimi, 1966

Huko Papua New Guinea, kwenye milima, kuna bonde linaloitwa Jimi. Miaka ya 1960 rovu lilikuwa limeenea mno huko, na walizaliwa watoto wengi viziwi, wasiosema, wenye miguu migumu ya kutembea kwa shida na akili iliyodumaa. Madaktari waliita hali hiyo ukretini. Walishuku upungufu wa madini joto, lakini si wote walioamini, kwa sababu kulikuwa na mama wenye rovu waliozaa watoto wazima.

Mwaka 1966 walipita kijiji kwa kijiji. Familia moja ilichomwa sindano ya mafuta yenye madini joto, inayofuata ikachomwa sindano ya maji ya chumvi tu, na kuendelea hivyo kwa zamu. Kisha wakawafuatilia watoto waliozaliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kwa mama ambao hawakupata madini joto, watoto 26 kati ya 534 walikuwa na ukretini. Kwa waliopata, watoto 7 kati ya 498.

Wengi wangeishia hapo na kupiga makofi. Sisi tunaona habari yenyewe imo ndani ya wale 7. Kati yao, mama wa watoto 6 walikuwa tayari ni wajawazito siku walipochomwa sindano. Yaani dawa ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, na bado kwa watoto hao haikufaa kitu, kwa kuwa ilifika baada ya tarehe. Wakati huo vipokezi vilikuwa bado havijagunduliwa. Leo tukiyasoma matokeo yale kwa jicho la mlinzi na barua, yanaeleweka.

Milimani kwetu

Madini joto mengi yamo baharini. Milimani, mvua za miaka na miaka zimeyaosha kwenye udongo, na udongo usio nayo hutoa mahindi, viazi na maharage yasiyo nayo. Ndiyo maana rovu lilienea zaidi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, milima ya Kivu huko Kongo, na sehemu nyingine za juu za kanda yetu, wakati wala samaki wa baharini hawakuliona sana.

Kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, kiliwafundisha wataalamu jambo la ziada. Tangu miaka ya 1960 watafiti waligundua kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa sawa karibu kisiwa kizima, lakini rovu lilikuwa jingi kaskazini na haba kusini-magharibi. Jambo la pili lililoshukiwa ni mihogo. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri hubaki na sumu, na mwili ukijitahidi kuivunja sumu hiyo unatoa kemikali inayoizuia tezi kuchukua madini joto. Mtu mwenye madini joto ya kutosha hupita salama. Mwenye machache anapoteza hata hayo.

Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi kuanzia miaka ya 1980, kisha miaka ya 1990 ikaweka kanuni za kutia madini joto kwenye chumvi yote ya kula. Mwaka 2009 wachumi watatu walilinganisha watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge kabla ya mimba au mwanzoni mwake na wale ambao hawakufikiwa. Wakasema waliofikiwa walisoma theluthi hadi nusu ya mwaka zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa kwa wasichana. Habari hiyo ilisambaa sana. Ni haki kuongeza kwamba watafiti wengine waliporudia hesabu zile baadaye hawakupata matokeo thabiti, kwa hiyo sisi hatuitumii kama uthibitisho. Bonde la Jimi linatosha.

Chumvi ya nyumbani

Mtu mzima anahitaji madini joto kidogo sana, mikrogramu 150 kwa siku. Mjamzito anahitaji takriban 250 kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kwa sababu anaandika barua za watu wawili. Tezi yenye afya huweka akiba, lakini akiba hiyo hujengwa kwa miezi, si kwa siku. Mama wengi hawajui kwamba wana mimba mpaka wiki ya sita au ya nane, na mahudhurio ya kwanza kliniki mara nyingi ni baada ya hapo. Ukiweka hesabu hiyo karibu na ile wiki ya 10, utaona kwamba anayetaka kuulinda ubongo wa mtoto hawezi kusubiri kadi ya kliniki. Chumvi ya jikoni inapaswa kuwa na madini joto mwaka mzima, kwa nyumba yote, wasichana wakiwemo.

Madini joto hupotea. Jua, unyevu na moto huyapunguza. Chumvi ikae kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mafiga, si kwenye kifuu kilicho wazi juu ya dari la moshi. Itiwe chakula kikikaribia kuiva. Chumvi ya mawe isioshwe, kwa kuwa maji yanaondoka na madini. Na chumvi ya kupimwa kwa kisado sokoni isiyo na maandishi yoyote, muulize muuzaji imetoka wapi. Wachuuzi wengi hawajui, na hilo nalo ni jibu.

Hatusemi mtu ale chumvi nyingi. Kiasi kilekile cha siku zote kinatosha, bora kiwe na madini. Wala mtu asinywe dawa ya iodini ya kusafishia vidonda, maana madini joto yakizidi sana yanaweza kuidhuru tezi, ya mama na ya mtoto pia.

Kuna mtoto mmoja kati ya takriban 2,000 hadi 4,000 anayezaliwa tezi yake ikiwa haifanyi kazi au haipo kabisa. Huyu mara nyingi huzaliwa akionekana mzima, kwa sababu tumboni homoni ya mama ilimlinda. Kitovu kikishakatwa, barua zimekatika. Tangu miaka ya 1970 nchi nyingi tajiri huwapima watoto wote kwa tone la damu la kisigino siku chache baada ya kuzaliwa, na anayegundulika hupewa kidonge kidogo kila siku. Akianza ndani ya wiki chache za kwanza, kwa kawaida hukua na kujifunza kama wenzake. Hospitali nyingi za kanda yetu bado hazina kipimo hicho kwa kila mtoto, kwa hiyo jicho la mama na bibi ndilo la kwanza. Manjano isiyoisha baada ya wiki mbili, choo kufunga, kulala mno hata kusahau kunyonya, ulimi mkubwa, sauti nzito ya kulia, mwili wa baridi: mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali na mzazi ataje tezi ya shingo waziwazi, ili ipimwe. Huyu hajarogwa, na mama yake hakukosea chochote.

Na kwa mwanamke ambaye tayari anameza vidonge vya homoni ya tezi kwa sababu tezi yake ni dhaifu au ilitolewa: mara nyingi kipimo cha kidonge hulazimika kuongezwa tangu mwanzo wa mimba. Asiache kumeza kwa kuogopa kumdhuru mtoto. Aende akapimwe damu mara tu siku zake zinapopita bila kuona.